Jina la Tovuti Huchaguliwa kwa Sikio

Hotuba kwa wafanyabiashara wadogo, Ilala, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliofunga meza zenu asubuhi ya leo ili mje kunisikiliza: wanaostahili shikamoo, shikamooni, na wengine, habari za asubuhi. Najua kwamba mfanyabiashara wa Kariakoo anayefunga duka saa nne ya asubuhi siku ya kazi ametoa sadaka, kwa hiyo sitautumia muda wenu kueleza umuhimu wa intaneti. Mngekuwa hamuujui msingekuja. Nimeombwa nizungumzie jambo moja, nalo ni jina: mtu anayefungua tovuti ya biashara yake aiiteje, jina hilo alitafute kwa njia gani, na akishalipata alishikeje lisimponyoke. Wengi hulichukulia kuwa jambo la dakika tano, ambalo fundi wa tovuti anaweza kulimaliza peke yake huku mwenye duka anahudumia wateja. Mimi nami nililichukulia hivyo, mara mbili, na mara zote mbili niliumia.

Naomba nianzie jirani. Kariakoo inaitwa Kariakoo kwa sababu watu wa mji huu walisikia "Carrier Corps", yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kikosi kilichokuwa na kambi pale, na walipolitamka jina hilo walilitamka kwa namna iliyoukaa mdomo wao. Hakuna aliyewagawia karatasi yenye tahajia. Jina lilisikika, likasemwa, likasikika tena, na lilipokuja kuandikwa lilikuwa limekwisha geuka kuwa neno letu. Nalitaja hili kwa sababu jina la tovuti yako, katika mji huu, litasafiri vivyo hivyo. Atalitaja dalali akiwa amesimama mlangoni, abiria atalirudia ndani ya daladala ya Gongo la Mboto huku konda anapiga kelele, dada wa dukani atalisema kwenye simu jenereta ya jirani ikinguruma. Wachache sana watalisoma kwanza kwenye karatasi, na wengi zaidi watalisikia, kisha wakiwa nyumbani usiku watajaribu kuliandika kama walivyolisikia. Ndiyo maana nasema kwamba jina la tovuti huchaguliwa kwa sikio, ingawa mafundi wengi hulichagua kwa jicho.

Kwanza tuelewane jina hilo ni kitu gani. Wataalamu wetu huliita jina la kikoa, na vijana wengi husema domeini. Ni kitu kile kile. Kila kompyuta inayohifadhi tovuti ina anuani yake ya namba, na anuani hizo ni ngumu kukumbuka. Nyinyi mnaopokea malipo kwa lipa namba mnalijua jambo hili vizuri: mteja huingiza tarakimu, lakini kabla hajaweka namba yake ya siri husubiri kwanza aone jina linalotokea kwenye kioo, kwa sababu jina ndilo analoliamini. Kwenye intaneti safari ni ya upande wa pili, yaani mtu huandika jina na mfumo unamtafutia namba. Mfumo huo ulibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani aitwaye Paul Mockapetris. Kabla yake, majina ya kompyuta zote za mtandao uliotangulia intaneti yalikuwa kwenye orodha moja iliyotunzwa na taasisi moja ya utafiti huko California, na kila mwenye kompyuta alilazimika kuichukua orodha hiyo upya mara kwa mara ili asipitwe. Mtandao ulipokua, orodha ikawashinda. Wazo jipya lilikuwa kugawa kazi: kila aliye juu awajue walio chini yake tu, nao wawajue walio chini yao.

Kutokana na mgawanyo huo, jina la kikoa husomwa kutoka mwisho kuja mwanzo, kama unavyomwelekeza mgeni: Tanzania, kisha Dar es Salaam, kisha Kariakoo, kisha Mtaa wa Swahili, kisha duka lako. Herufi za mwisho kabisa, tz, ni za nchi yetu, nazo husimamiwa hapa nyumbani na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Zinazotangulia hueleza aina ya mwenye jina: co ni biashara, or ni mashirika yasiyo ya kibiashara, ac ni vyuo, sc ni shule, go ni serikali, na zipo pia me kwa mtu binafsi na hotel kwa wenzetu wa hoteli. Kinachotangulia hapo ndicho chako. Ukilishika hili la kusoma kutoka mwisho utakuwa umejikinga na matapeli pia, maana tapeli anaweza kukutumia kiungo kinachoanza kwa maneno unayoyaheshimu, jina la benki likifuatiwa na go na tz, halafu baada ya hapo kikaendelea na neno usilolijua na kuishia na com. Mwenye nyumba hapo ni lile neno usilolijua. Mengine yote ni mapazia aliyotundika dirishani.

Sasa nije kwenye kosa langu la kwanza. Nilikuwa nauza vitenge na kanga, nami nilipotaka tovuti niliona kwamba hakuna jina la haki zaidi ya kuitaja bidhaa yenyewe, hivyo nikasajili "vitengenakanga", herufi 14 zilizoshikamana bila nafasi, kwa kuwa jina la kikoa haliruhusu nafasi. Kwenye karatasi ya fundi lilipendeza, kwa sababu alikuwa ameliandika kwa rangi mbili. Siku moja akaja mama mmoja kutoka Kigogo, mteja mzuri, akaniomba anuani ya tovuti ili amtumie binti yake aliyeko Mwanza. Nilimtajia. Aliandika nyuma ya risiti, na kwa kuwa nilikuwa nimeegemea kaunta niliona kila herufi ilivyokuwa ikitoka kwenye kalamu: aliandika "vitenge", akaacha nafasi, akaandika "na", akaacha nafasi, kisha akaandika "khanga" kwa kh, kama alivyofundishwa na mama yake. Nikamwambia aunganishe na aondoe ile h. Akaunganisha, akasoma kwa sauti alichokiandika, akacheka, akaniuliza: "Kwa hiyo baba, vitenge unakaanga?" Na kweli, ukilisoma jina lile haraka kama tunavyosema hapa mjini, mtu anajitangaza kwamba vitenge nakaanga. Yule binti wa Mwanza sikumpata kamwe.

Nilipokaa chini baadaye na kuhesabu, niliona jina lile lilikuwa na magonjwa matatu kwa pamoja: lilikuwa refu, maneno yake yalikatika mahali pasipotarajiwa, na ndani yake mlikuwa na neno ambalo Waswahili wenyewe hawajakubaliana namna ya kuliandika. Urefu ndilo tatizo jepesi kulieleza. Sheria ya mfumo inaruhusu herufi hadi 63 kati ya nukta moja na nyingine, lakini ruhusa hiyo isikudanganye. Mtu aliyesimama kwenye foleni na simu yenye kioo kilichopasuka hataandika herufi 20 bila kukosea. Kuhusu maneno kukatika vibaya, dawa yake ni kuliandika jina kwa herufi ndogo tupu, bila rangi wala herufi kubwa, maana mfumo hautofautishi herufi kubwa na ndogo, kisha kumpa mtu asiyelijua alisome. Mwenye kibanda cha nyama anayejiita "kukutamu" ajue kwamba wako watakaosoma "kukuta" kabla hawajaona kuku.

Tatizo la tahajia ndilo lenye utajiri, na naomba mnivumilie nikae hapo kidogo, kwa sababu washauri wa kigeni hawawezi kutusaidia. Kiswahili kina neema kubwa katika jambo hili: irabu zetu ni tano, kila moja ina sauti moja, na tunaandika kama tunavyotamka. Tahajia sanifu iliyojengwa juu ya Kiunguja na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 imetuachia maandishi ambayo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyafuata kwa sikio tu. Jina kama "pamba", "fundi" au "tumaini" likitajwa mara moja redioni litaandikwa sawasawa kuanzia Tunduma hadi Tanga. Jaribu kufanya hivyo kwa neno la Kiingereza lililopindishwa makusudi ili lipendeze, lile ambalo mwenyewe ameondoa herufi moja na kuweka x mahali pa nyingine, uone ni wangapi watafika mlangoni kwako. Mimi sina ugomvi na anayechagua jina la Kiingereza kwa sababu wateja wake ni watalii. Ugomvi wangu ni na yule mwenye wateja wa Mbagala anayedhani jina la Kiswahili litamfanya aonekane mdogo.

Hata hivyo, neema hiyo ina mashimo yake. La kwanza ni zile sauti zilizotujia pamoja na maneno ya Kiarabu. Kheri na heri, khanga na kanga, dhahabu ambayo wengine huiandika zahabu na wengine thahabu, ghala ambalo nusu ya mji huliita gala. Ukiwa sonara na ukaweka "dhahabu" ndani ya jina lako, jiandae kusajili majina matatu au kupoteza wateja wa namna mbili. La pili ni l na r. Hapa hatuchekani, kwa sababu Dar es Salaam ni mji wa kila kabila, na mteja anayesema "karamu" akimaanisha kalamu ana fedha nzuri kama za mwingine. La tatu ni irabu mbili zinazofuatana, kama katika "kaa", "choo" na "saa", ambazo sikio huzisikia lakini kidole huandika moja tu. Na la nne ni ng' yetu. Mfumo wa majina ya kikoa unakubali herufi, tarakimu na kistari peke yake, na kistari chenyewe kisiwe mwanzoni wala mwishoni. Ile alama ya juu ya ng'ombe haina nafasi. Ndugu zangu wa Mtaa wa Narung'ombe mnaotaka kuuenzi mtaa wenu, mjue kwamba jina lenu litaandikwa bila alama ile, na kila mara mtakapolitaja mtalazimika kuongeza maelezo. Jina linalohitaji maelezo baada ya kutajwa bado halijakamilika.

Kwa sababu hiyo hiyo siwashauri kutumia kistari wala tarakimu. Kistari hakitamkiki: ukisema "kistari" mmoja ataweka kile cha kati, mwingine ataweka kile cha chini, wa tatu ataliandika neno "kistari" lenyewe. Tarakimu nazo zina shida yake, kwa kuwa anayesikia "mbili" hajui kama ni tarakimu au ni neno.

Basi jina zuri linatoka wapi? Wenzetu wengi hukaa usiku na daftari wakibuni. Mimi nawaomba kabla ya kubuni mwende kwenye kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na duka lenu mkaulize: "Mtu akitaka kuja kwangu, anawaambia apelekwe wapi?" Mara nyingi mtagundua kwamba wateja walikwisha kuwapa jina zamani, na silo lile lililo kwenye kibao. Kibao kinasema jina la kampuni lenye maneno manne, lakini mji mzima unasema kwa Mama Zawadi. Mwenye kibao cha "mavazi yaliyokwisha kutumika" anaitwa na kila mtu mtu wa mitumba, na mwenye "vipuri vya magari" anaulizwa spea. Chukua neno lililo mdomoni mwa mteja, maana hilo limekwisha kufanyiwa majaribio miaka mingi bila gharama yoyote kwako. Maneno ya peke yake yaliyo mafupi, hasa kwenye mwisho wa com, mengi yamekwisha kuchukuliwa, lakini maneno mawili mafupi yaliyokaa vizuri pamoja bado yanapatikana, na jina la mtu likiunganishwa na neno la kazi huwa zuri kuliko watu wanavyodhani.

Tahadhari moja tu hapo, nayo ni ya mahali. Kutaja Kariakoo ndani ya jina kunavutia, kwa sababu Kariakoo yenyewe ni tangazo. Lakini soko lilipoungua Julai 2021, waliokuwa ndani walilazimika kwenda kupanga bidhaa zao kwingine, na mtu aliyefunga jina lake kwenye jengo alijikuta anaeleza kwa kila mteja kwamba siko tena pale jina langu linaposema. Vivyo hivyo kwa bidhaa: anayejiita magodoro leo, kesho akileta na makabati, jina litakuwa linambania.

Ukishapata majina matatu au manne, yapeleke kwenye mtihani wa simu. Mpigie mtu aliye mbali, mwambie jina mara moja tu, bila kumtajia herufi, kisha umwombe akutumie kwa ujumbe alichosikia. Mimi nina shangazi yangu Korogwe ambaye ndiye mtahini wangu mkuu; hana subira, haoni vizuri, na hanihurumii. Tafuta na mwanafunzi mmoja, na mtu mmoja ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza. Wote watatu wakiandika sawasawa, una jina. Wawili wakikosea mahali pamoja, usiwalaumu.

Linafuata swali ambalo najua limo vifuani mwenu: niishie na com au na co.tz? Wapo watakaowaambia com ndiyo yenye heshima, nami sikubaliani nao, kwa sababu mteja wa Dodoma anayeona tz huamini mara moja kwamba mzigo hautatoka ng'ambo na kwamba akidhulumiwa mwenye duka anapatikana. Hata hivyo kidole cha mtu kimezoea kuandika com bila kufikiri, kwa hiyo anayeweza kulipia majina yote mawili ayachukue yote, atumie moja, na la pili aliagize limpeleke mgeni kwenye lile la kwanza. Ninachowaonya ni hii mitindo ya kukopa herufi za nchi za watu kwa sababu zinapendeza. Ile tv mnayoiona kwenye majina ya vituo ni ya nchi ya visiwa ya Tuvalu, ai ni ya Anguilla, na io ilitolewa kwa eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, visiwa vya Chagos, ambavyo Uingereza ilikubali kuvirudisha kwa Mauritius. Herufi za nchi zina maisha kama nchi zenyewe. Yugoslavia ilikuwa na yu yake. Nchi ilipovunjika, herufi zile zilidumu kwa muda, kisha mwaka 2010 zikafutwa, na kila jina lililokuwa chini yake likafa nazo.

Jambo la kisheria nitalipitia upesi. Kusajili jina la kikoa hakukupi jina la biashara, na kuwa na jina la biashara kwa BRELA, wakala wa serikali unaosajili biashara, hakukupi jina la kikoa. Ni madaftari mawili yasiyosomana. Na alama ya biashara ni daftari la tatu. Kwa hiyo tafuta katika yote matatu kabla ya kulipa popote, na usijaribu kuvaa jina la kampuni kubwa kwa kubadilisha herufi moja, kwa maana tangu mwaka 1999 upo utaratibu wa kimataifa unaomwezesha mwenye alama ya biashara kulidai jina la com lililosajiliwa kwa nia mbaya na kulichukua.

Sasa kosa langu la pili, ambalo liliuma zaidi. Baada ya yale ya vitenge kukaangwa nilipata jina jingine, la herufi saba, ambalo shangazi yangu aliliandika bila kosa. Kijana aliyenitengenezea tovuti alikuwa fundi hodari na mtu mwema, wala hakuniibia. Nalisema hili mapema msije mkamfikiria vibaya. Aliniambia, "Bosi, usihangaike, nitalisajili mimi," akalisajili kwa jina lake, kwa barua pepe yake na kwa kadi yake ya benki, nami nikamrudishia fedha zake na kumshukuru. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Akapata kazi mkoani, akabadilisha namba ya simu, na ile barua pepe akaiacha. Taarifa za kukumbusha malipo zilikwenda kwenye barua pepe ambayo hakuna aliyeifungua. Jumatatu moja asubuhi mteja wangu wa Morogoro akanipigia, akasalimia kwa adabu zote, akauliza tangu lini nimeingia kwenye biashara ya kamari. Nikafungua tovuti yangu mwenyewe nikakuta namba zinazunguka na rangi nyekundu kila upande. Jina lilikuwa limeisha muda, likaachiwa, likachukuliwa. Stoo nilikuwa na mifuko mbadala 600 iliyochapishwa jina lile, ile ya kitambaa tuliyoanza kuitumia baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019. Mke wangu anaifungia viazi mpaka leo.

Nililojifunza ni kwamba jina la kikoa halinunuliwi, hata kama sote tunasema kununua. Linapangishwa, kwa mwaka mmoja au zaidi. Kwa com mwisho ni miaka 10 kwa mara moja. Na mpangaji ni yule aliyeandikwa kwenye daftari la msajili, yaani kampuni inayosajili majina ya kikoa, hata kama fedha zilitoka mfukoni mwa mwingine. Kwa hiyo fundi akusaidie, akae pembeni yako mkifanya pamoja, lakini jina liandikwe lako au la kampuni yako, barua pepe iwe ile unayoifungua kila siku, na isiwe ile inayotegemea jina hilo hilo la tovuti, kwa sababu jina likizimika barua pepe hiyo itazimika nalo na utakosa hata taarifa ya kuzimika. Neno la siri likae kwako na kwa mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini. Jina la com likipita tarehe yake halipotei siku hiyo hiyo: kwa kawaida msajili huweza kukupa nafasi ya hadi siku 45, kisha hufuata siku 30 ambazo unaweza kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku tano za mwisho ambazo hakuna wa kuligusa, na baada ya hapo ni la atakayewahi. Angalieni pia bei ya kuhuisha, wala msitazame ile ya mwaka wa kwanza peke yake, kwa maana wasajili wengi huvutia watu kwa bei ndogo ya mlangoni.

Wala msidhani kusahau ni ugonjwa wa maskini. Desemba 1999 Microsoft walisahau kulipia jina la passport.com, na watumiaji wa barua pepe za Hotmail wakashindwa kuingia, mpaka mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Marekani alipolilipia yeye kwa dola 35 ili naye apate kusoma barua zake. Mimi sikumpata msamaria wa namna hiyo.

Jina langu la sasa ni la tatu, na silitaji hapa kwa sababu sikuja kujitangaza. Limelipiwa miaka mitano mbele, tarehe yake imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya dukani, na binti yangu anajua neno la siri liko wapi.

Ndugu Mwenyekiti, naona chai imekwisha kufika, nami nisiwe sababu ya chapati kupoa. Kila mmoja amepewa kipande cha karatasi. Naomba aandike jina analolifikiria, asimwonyeshe jirani yake, akunje karatasi na kuiweka mfukoni. Tukirudi tutatoka nje wawili wawili, pale kwenye barabara yenye magari, mmoja ataingia ndani kidogo na mwenzake atampigia simu na kumtajia jina hilo mara moja tu. Kisha tutakuja kufungua karatasi hapa mezani, tuone kila aliyesikia ameandika nini.